Kitoweo Chetu Kinatoka Majanini

Kazi tatu zimenipitisha katika ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Utotoni nilikuwa nikimbebea ami yangu dema zake, ile mitego ya samaki ya kusukwa, baadaye nikawa mpiga pondo, yaani msukuma mtumbwi kwa mti mrefu, wa watafiti waliokuja kupima majani ya bahari, mikoko na samaki, na sasa nakaa dikoni naandika uzito wa samaki wanaoshushwa. Katika zote tatu nimekutana na jambo lile lile, na naona bado halijapewa haki yake kwenye mikutano yetu ya uvuvi: samaki wa pwani anafuata sakafu ya bahari. Mwambie mvuvi mzoefu huko chini kuna nini, mchanga, tope, majani, mwamba au matumbawe, naye atakwambia utapata samaki gani, wa ukubwa gani, na kwa mtego gani. Sakafu ikibadilika, samaki nao hubadilika, hata pasipotupwa nyavu hata moja.

Wageni wakija kwetu huulizia matumbawe, na miradi mingi ya hifadhi nayo huanzia hapo. Sina ugomvi na matumbawe, nitayafikia. Lakini samaki wengi wanaopita kwenye mizani yangu wametoka kwenye majani ya bahari: tasi, changu, mkundaji, chaa, na yule pono mwenye rangi ya kijani na kahawia anayeishi majanini maisha yake yote. Watafiti waliolinganisha maeneo ya uvuvi ya ghuba yetu walifika hapo hapo, kwamba majani yanawanufaisha wanakijiji kuliko mikoko na kuliko matumbawe. Kwa mvuvi wa dema hiyo haikuwa habari. Ilikuwa habari kwa watu wa ofisini, na ndiyo sababu nimeona niiandike.

Ami yangu hakuwa na chombo chochote cha kumwonyesha chini ila pondo. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, usitazame maji, sikiliza mkono." Pondo likigonga mwamba, mshtuko wake unakupanda mpaka kwenye bega. Kwenye mchanga linakwaruza kidogo kisha linasimama imara. Kwenye tope linazama, ukilivuta linakataa, na likikubali linakuja na harufu ya mikoko. Kwenye majani linateleza, linasita, ndipo linapata chini, na mara nyingi hurudi juu na jani limejiviringisha kwenye ncha. Ami aliweza kuvuka ghuba kabla jua halijachomoza, akakutajia kila tunapopita, na akikosea ni kwa hatua chache tu.

Majani yenyewe yana aina zake, na kila aina ina wageni wake. Yako yale mapana na marefu, yanayoweza kupita urefu wa mita moja, ambayo hupenda tope laini na maji yaliyotulia upande wa mikoko. Yako yale yenye kikonyo kigumu mfano wa mti, majani yake yamekusanyika kileleni, nayo huota karibu na mlango wa ghuba, kwenye mkondo mkali na mchanga wenye mwamba chini yake. Yako madogo membamba yanayotangulia kushika mchanga mtupu, na hayo ukiyaona ujue pale panajijenga upya. Watafiti wamehesabu aina 11 ndani ya ghuba hii moja. Na haya si mwani wa kushikilia jiwe. Yana mizizi, yanatoa maua ndani ya maji, yanazaa mbegu, na mizizi yake ndiyo inayoushika mchanga usihame kila kusi likivuma.

Sehemu ya kutega dema ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mtu asiyejua angedhani dema liwekwe pale majani yalipo mazito kabisa. Ami hakufanya hivyo. Alilitafutia ukingo, pale majani yanapokatika na mchanga unapoanza, au uchochoro wa mchanga uliopita katikati ya majani. Alililaza, akalitia mawe lisibebwe na mkondo, akalifunika majani juu ili lionekane ni sehemu ya pale. Nilipomuuliza kwa nini pale na si hatua kumi mbele, alinijibu kwamba samaki ana njia zake za kwenda malishoni kama ng'ombe. Miaka mingi baadaye nilipokuwa nikizamia na watafiti, nikiwa na miwani ya maji na ubao wa kuandikia, niliziona njia hizo kwa macho yangu. Tasi wanapita ukingoni kwa makundi, vichwa chini, wanang'ata, wanasogea, wanang'ata. Mkundaji yuko mchangani anachokora kwa ndevu zake, na nyuma yake wanafuata samaki wengine wanaookota anachokifukua. Changu mmoja amesimama pembeni kwenye kivuli cha majani, hatikisiki. Wote hao walikuwa kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa ua wa nyumba, na kila mmoja alikuwa na kazi yake kwenye aina yake ya chini.

Anayetaka kuyathibitisha haya bila kuloa, aje dikoni asubuhi akina mama wanapopara samaki, aombe kutazama matumbo. Tumbo la tasi limejaa vipande vya kijani, majani na mwani vimechanganyika. La pono wa majani ni uji wa kijani mtupu, maana huyo ni miongoni mwa samaki wachache wanaokula jani lenyewe. La changu lina vigae vya konokono, miguu ya kaa, na wakati mwingine vipande vya miiba. La mkundaji lina minyoo na kamba wadogo wasiotimia urefu wa ukucha. La chewa mara nyingi lina samaki mzima, na ukimtazama vizuri utamtambua: ni mtoto wa yule yule changu au tasi. Ukizipanga samaki hizo juu ya meza moja umeipata bahari yako nzima. Nani anakula majani, nani anakula wanaoishi kwenye majani, na nani anawala hao wote. Ondoa majani, na hao watatu wanaanguka kwa zamu.

Bamvua la ghuba yetu ni kubwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yakipwa sehemu kubwa ya ghuba hubaki wazi, akina mama wanatembea na vikapu wakitafuta chaza na pweza mahali ambapo saa sita kabla palikuwa na mtumbwi. Kwa hiyo samaki wetu hawawezi kukaa mahali pamoja hata wakitaka. Kila siku wanahama mara mbili. Maji yakijaa wanaingia juu ya majani na baadhi wanafika mpaka ndani ya mikoko, upande wa kusini ambako mikoko inapakana na msitu wa Jozani. Maji yakipwa wanarudi kwenye mikondo na kwenye mabwawa yanayobaki.

Humo mikokoni ndimo nilimofanya kazi na watafiti kwa muda mrefu kuliko mahali pengine. Tulikuwa tunatega nyavu kwenye vijito, tunahesabu, tunapima urefu, tunaandika. Samaki wa humo karibu wote ni wadogo. Changu wa urefu wa kidole, chaa wa kuweka kiganjani, mzia mwembamba ambaye usingemdhania kuwa ndiye yule wa kuogopewa huko nje. Kisha tunakwenda kwenye mwamba wa mlango wa ghuba, na hapo changu ni wakubwa, wadogo hawaonekani. Katikati, majanini, wapo wa umri wa kati. Ukiziweka karatasi hizo tatu pamoja unaiona safari ya samaki mmoja tangu utoto mpaka utu uzima: kutoka mikokoni na majanini, mpaka kwenye mwamba. Vitabu vya serikali huyaita maeneo hayo mazalia na makulia ya samaki, na ni maneno mazuri, ila ramani zake huchorwa kila kipande peke yake, utadhani samaki hajui kutoka kimoja kwenda kingine.

Jambo lililonishangaza kwenye kazi ile lilitoka maabara. Chakula kinachotokana na mikoko na kile kinachotokana na majani huacha alama tofauti ndani ya nyama ya samaki, na alama hiyo hupimika. Walipoipima, ilionekana kwamba wengi wa samaki tuliowakuta mikokoni walikuwa wamejengwa miili yao kwa chakula cha majanini. Mikokoni wanajificha, majanini wanakula. Isipokuwa pale ambapo mikoko ina vijito vinavyobaki na maji hata wakati wa kupwa: hapo samaki hukaa zaidi na hula zaidi humo humo. Mikoko inayokauka kabisa kila siku haimpi samaki nafasi hiyo, hata iwe mirefu na mizuri namna gani.

Tangu hapo siwezi kusikia sherehe ya kupanda mikoko nikanyamaza. Napenda mikoko, na iliyokatwa irudishwe. Lakini nimeona miche ikichomekwa katikati ya majani mazima, kwa sababu pale ndipo palipokuwa rahisi kufika na kupiga picha. Miche ile hufa karibu yote, na majani yaliyokanyagwa huchukua muda kurudi. Ukitaka kuwasaidia samaki, zibua kijito kilichozibwa. Maji yakiingia na kutoka, mikoko mingi hujiotea yenyewe.

Basi nije kwenye matumbawe. Mwaka 1998 maji yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya bahari yetu yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipauka na mengi yakafa. Watu wengi husimulia kwamba samaki walitoweka pale pale. Haikuwa hivyo, na hapa ndipo pana funzo. Waliopotea mwanzo ni wale wanaokula matumbawe yenyewe, baadhi ya vitatange. Kwa wengine hali ilikuwa tofauti. Kwenye mwamba wa Tutia, kusini ya Mafia, watafiti walikuwa na hesabu za kabla na za baada, nao waliona kwamba ijapokuwa matumbawe mengi sana yalikuwa yamekufa, idadi ya samaki iliongezeka kwa muda, hasa wanaokula mwani. Sababu ni kwamba mifupa ya matumbawe ilikuwa bado imesimama. Matundu ya kujificha yalikuwepo, na juu ya mifupa hiyo uliota mwani tele.

Mifupa hiyo haisimami milele. Viumbe wanaichimba kwa ndani, mawimbi yanaipiga, na baada ya miaka kadhaa inabomoka ikawa changarawe. Hapo ndipo samaki wadogo wanapokosa pa kukimbilia, na wakubwa wanawafuata. Kwa hiyo mtu akiniambia mwamba fulani umekufa lakini samaki wapo, namuuliza kwanza kama bado una umbo. Umbo ndilo linalomhifadhi samaki. Uhai wa matumbawe ndio unaolitengeneza na kulikarabati umbo hilo. Hivi viwili haviharibiki kwa wakati mmoja, na anayepima kimoja tu hujiona salama wakati hayuko.

Baruti huharibu vyote viwili kwa mpigo. Sheria ya Tanzania iliikataza tangu 1970, na bado ilipigwa Bara kwa miongo mingi, mpaka operesheni za miaka ya 2010 zilipoipunguza sana. Nilipokwenda dago, kambi ya wavuvi, upande wa Tanga nilizamia mahali palipopigwa. Chini ni vipande vilivyolala, vinaviringika kila wimbi likipita. Kijitumbawe kichanga hakiwezi kushika kwenye kitu kinachoviringika, kwa hiyo hata baada ya miaka pale hapakuwa na kitu kipya. Samaki niliowaona ni wadogo wa kupita njia tu. Mita chache pembeni, ambapo baruti haikufika, kulikuwa na kangaja, pono na chewa. Maji ni yale yale, joto ni lile lile, wavuvi ni wale wale. Tofauti ni sakafu peke yake.

Kinyume chake nilikiona Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, ambako mwamba wa upande wa magharibi umefungwa usivuliwe tangu 1994 na aina zaidi ya 400 za samaki zimeorodheshwa. Tulipelekwa wavuvi kadhaa kwa mafunzo. Nilikwama kwenye tumbawe moja la matawi. Ndani ya matawi walijaa samaki wadogo wa buluu na kijani, nikisogeza mkono wote wanazama ndani kwa pamoja, nikiuondoa wanatoka tena. Chini ya tumbawe hilo hilo chewa alikuwa ametokeza kichwa, ananitazama, hana haraka. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mvuvi wa mshipi, alitoa kichwa majini akasema, "Hawa ndio tuliokuwa tukiwavua kwetu kwa maji ya magotini." Hakuna aliyemjibu. Wote wa rika lake walikuwa wanajua kwamba ni kweli.

Nimekuwa nikisema sakafu inaamua samaki. Upande wa pili nao ni kweli: samaki wanaitengeneza sakafu. Liko kundi la wanyama wa duara wenye miiba, wale wanaowachoma akina mama miguu wakati wa kupwa, ambao hula mwani na majani bila kupumzika. Kikande mkubwa huwavunja na kuwala, na changu wengine vilevile. Wavuvi wakimmaliza kikande, wanyama hao huongezeka. Kenya jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, kwa sababu wana maeneo yaliyofungwa zamani, kama Malindi na Watamu tangu 1968, ya kulinganisha na yanayovuliwa. Kwenye miamba iliyovuliwa kupita kiasi wanyama wa miiba walijaa, wakaikwangua miamba mpaka ikabaki tupu. Kwenye majani nako walionekana wakiyala yale ya kikonyo kigumu mpaka yakabaki vishina. Majani ya namna hiyo ni mazito kurudi. Kwa hiyo kikande mmoja anayeuzwa dikoni kwa bei ndogo, kwa sababu ngozi yake ngumu inawachosha wapara samaki, huko baharini alikuwa mlinzi wa shamba zima. Nikiwaona wamepangwa wengi kwenye mtungo mmoja, wakubwa kwa wadogo, moyo wangu hauko sawa.

Sasa juya. Hapa nitasema kwa uchungu kwa sababu nimeyaona kwa miaka mingi. Nyavu za kukokota zina uzito wa chini, na kazi ya uzito huo ni kulamba sakafu. Vijana wanashuka majini, wanapiga maji na kukanyaga ili samaki wakimbilie kwenye mfuko. Zikivutwa, zinakuja na majani yaliyong'oka, konokono, viti vya pweza, kaa, na samaki wengi ambao hawajafika hata ukubwa wa kukaangwa. Baada ya kupita, ukizamia utaona mstari mweupe wa mchanga ndani ya kijani. Mstari mmoja haudhuru sana. Lakini pale pale panarudiwa, bamvua kwa bamvua, mpaka mistari inakutana. Hapo mchanga hauna wa kuushika, unachafuka kila upepo ukivuma, maji yanakuwa mawingu, na majani yaliyobaki pembeni nayo yanakosa mwanga. Wavuvi wa dema wanapoteza mara mbili, maana mitego yao inavunjwa na malisho ya samaki wao yanakwenda.

Kenya ilizikataza nyavu hizi 2001, na huku kwetu nazo zimekatazwa, lakini katazo halimlishi mtu. Kijana mmoja wa juya alinijia dikoni baada ya mimi kusema haya kikaoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, umesema tunaua watoto wa samaki. Na watoto wangu mimi?"

Nilimwambia akae, tukanywa kahawa. Nilimwonyesha daftari, kurasa za miaka iliyopita na za sasa, pale pale wanapovua wao. Mwanzo kuna changu wa kutosha, kisha changu wadogo, kisha chaa na vijisamaki vya mchangani tu. Alisoma kimya. Akaniambia tatizo lake si kutojua. Nyavu si zake, ni za tajiri, na ndani yake wamo vijana wengi wanaogawana kidogo kidogo kwa sababu hakuna anayeweza kununua chombo chake mwenyewe. Hilo ni la kweli, na katazo lolote lisilokuwa na mshipi, dema au mtumbwi nyuma yake litaendelea kuwa la karatasi.

Kilimo cha mwani kinagusa sakafu hiyo hiyo, na hapa mizani ni ngumu zaidi. Kilianza Paje na Jambiani 1989, kikaenea pwani yote ya mashariki, na kimewapa akina mama fedha zao wenyewe, jambo ambalo mimi mtoto wa pwani hii siwezi kulidharau. Shangazi yangu amesomesha kwa mwani. Lakini shamba likifunguliwa juu ya majani, kawaida majani hung'olewa kwanza ili yasiisugue kamba, kisha vigingi na miguu humaliza yaliyobaki, na kivuli cha mwani kinazuia mengine kuota. Konokono na vijidudu vya mchangani hupungua chini ya shamba. Tasi hawajali, wao huja kuula mwani wenyewe, ndiyo maana wakulima wanawachukia na wenye dema wanapenda kutega jirani. Changu ndio wanaopotea, kwa sababu chakula chao kilikuwa chini.

Shangazi hakupenda nilipomweleza, akaniambia niende nikawaambie wenye juya kwanza. Nilimwambia nimekwisha kwenda. Msimu uliofuata alifungua safu zake mpya kwenye mchanga mtupu nje ya majani, akaacha ukanda wa majani baina ya shamba na shamba. Hakufanya hivyo kwa ajili yangu. Alisema pale nje maji ni baridi zaidi na mwani wake hauozi, na kweli, joto la maji ya kina kifupi limewaumiza sana wakulima wa kotonii, moja ya aina za mwani unaolimwa, wengi wanatafuta maji marefu. Kwa sababu yoyote ile, majani ya pale yamebaki na nimeanza kuona mkundaji ndani ya ukanda ule.

Watu wananiuliza nini kifanyike, na jibu langu ni fupi kuliko wanavyotarajia: tufunge njia nzima, si kituo kimoja. Kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, kama inavyofanyika Kisiwa Panza huko Pemba na vijiji vingine, kunafaa sana, kwa sababu pweza hukua upesi na shimo lake ni pale pale. Changu si pweza. Changu anahitaji kijito akiwa kidole, majani akiwa kiganja, na mwamba akiwa mkubwa. Ukimfungia mwamba ukaacha juya lipite majanini, unamngoja mgeni ambaye amekwisha kukamatwa njiani.

Haya ndiyo tunayojadili sasa kwenye kamati ya wavuvi ya shehia yetu. Tumechukua karatasi kubwa, na badala ya kuanza na mipaka ya vijiji tumeanza na sakafu. Wazee wa dema walitaja kila wanachokijua kwa pondo, akina mama wakaongeza wanachokijua kwa miguu, na vijana wanaozamia wakasahihisha upande wa kina. Ukanda unaopendekezwa unaanzia kijito kimoja kinachobaki na maji wakati wa kupwa, unapita juu ya majani mapana, unafuata mkondo, na unaishia kwenye kipande cha mwamba mlangoni. Ni mwembamba, na umeacha uwanja mkubwa wa kuvua pande zote mbili. Wenye dema wanataka waruhusiwe kutega kwenye kingo zake. Wenye mshipi wanasema kama dema litaingia basi na mshipi uingie. Akina mama wanauliza kama kuokota chaza nako ni kuvua, na wenye juya wametuma watu wawili ambao mpaka sasa wamekuwa wakisikiliza tu. Kikao kijacho ni baada ya bamvua hili, na hoja ya kwanza ni ya kingo.